Dole Gumba la Fundi Pembe

Gitaa lililompa Fundi Pembe jina lake lilizaliwa kwa bahati mbaya. Nyumbani hakulificha hilo. Nje alilificha kama mtu anavyoficha soksi iliyotoboka. Miaka mingi nyuma alikuwa akichonga kiwiliwili cha gitaa la umeme chenye pembe mbili, zile zinazoikumbatia shingo juu na chini. Msumeno ukateleza, pembe ya chini ikadondoka sakafuni, na mwenye gitaa ndiyo kwanza anapiga hodi. Fundi akaitazama pembe iliyobaki, akaitazama ile iliyolala kwenye vumbi, akaisukuma kwa kisigino chini ya meza. Kisha akasema bila kupepesa jicho, "Ya chini nimekutolea. Mkono ushuke mpaka kwenye sauti nyembamba kabisa bila kugongana na kitu."

Mteja aliondoka akitabasamu. Mwezi haukuisha, wakaja watu watatu wanataka pembe moja.

Tangu siku hiyo kila kosa lilibatizwa. Kiwiliwili kilichokaa upande kwa sababu fundi alikuwa anabishana mambo ya mpira wakati gundi inashika, kikaitwa Mlevi Mstaarabu. Kile ambacho mashine ilimega ukingo wake, kikaitwa Mwezi Umeumwa. Kuna gitaa moja alilolikatia kiolezo kilichogeuzwa, likatoka la mtu wa kushoto wakati mteja alikuwa wa kulia. Hilo lilining'inia ukutani mwaka mzima likisubiri mwenyewe atokee, nalo likaitwa Subira.

"Mbao haikosei," alikuwa akiwaambia wateja. "Inashauri."

Mkewe, aliyekaa hatua tatu kutoka hapo, huwa anainamia mashine yake asionekane anacheka. Yeye ndiye Mama Waya. Kazi yake ni kuviringisha waya wa shaba kwenye sumaku zinazokaa chini ya nyuzi, zile zinazonasa mtetemo na kuufanya sauti. Mizunguko elfu nane kwa sumaku moja, waya mwembamba kuliko unywele, unapita katikati ya vidole vyake viwili. Ukikaza sana unakatika, ukilegeza gitaa linanguruma kama tumbo la mgeni mwenye aibu. Mume anatengeneza umbo, mke anatengeneza sauti, na katikati yao kuna redio isiyozimwa. Karakana ni vyumba viwili na baraza, na baraza wanaishiriki na fundi saa mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Saa Mbovu, maana katika saa zote alizonazo hakuna hata mbili zinazokubaliana.

Jumatatu moja akaja mpigaji gitaa anayeitwa Kimya. Jina la utani hilo, na aliyempa alikuwa na akili. Mdomo wake hausemi sana, lakini akichomeka gitaa kwenye amplifaya, watu wa mtaa wa pili wanafunga madirisha. Siku hiyo alikuwa amekonda, na alikaa kwenye stuli kwa hatua mbili: kwanza upande wa kushoto, halafu akausubiri wa kulia ufike.

"Gari la bendi lilipinduka," alisema. "Mbavu tatu. Mbili zimeunga vizuri. Moja imeunga inavyotaka yenyewe."

"Pole sana, dada," Mama Waya akasema.

"Nimeshapoa. Ila gitaa linakaa hapo hapo." Akaweka kiganja ubavuni, kulia. "Nikisimama dakika kumi, naona nyota. Bendi wananisubiri mpaka mwisho wa mwezi. Wana mtu wanamjaribu. Mtu mzuri tu, sina ubaya naye, ila nafasi ile ni yangu."

"Na unatakiwa kusimama muda gani?" fundi aliuliza.

"Saa tatu."

Fundi Pembe akainuka. Akachukua kipande kikubwa cha boksi, akamsimamisha, akakiweka mbele yake pale ambapo gitaa hukaa. "Vuta pumzi," akamwambia, akachora mstari. "Toa." Akachora mwingine. Mistari miwili, nafasi ya kucha kati yake, na kutokana na hiyo akalipata umbo: gitaa lililochimbwa mgongoni kama kiganja kilichokunjwa nusu, ukingo wake ukipinda kando, ili ule ubavu mkaidi uvimbe na pumzi na usikute kitu cha kuugusa. Halafu liwe jepesi. Ndani atachimba mashimo mapana, yeye akiyaita vyumba, kisha juu afunike kwa ubao mwembamba.

"Pasiguswe," alisema Kimya. "Kwingine kote fanya utakavyo. Hapo pasiguswe."

"Hapataguswa."

Sasa ni lazima msomaji ajue fundi huyu alikuwa anafanyaje kazi, maana ndipo mkosi ulipopitia. Mafundi wengine hufunika kwanza, halafu huchonga mgongo wakiwa na namba zao kwenye karatasi. Fundi Pembe alifunika mwisho. Alichimba vyumba kwa mbele, akachonga mgongo kwa nyuma, na muda wote mkono wake wa kushoto ulikuwa umeubana ule ukuta wa mbao uliobaki katikati: dole gumba ndani ya chumba, vidole viwili nje, akibonyeza kama mnunuzi anayepima parachichi sokoni huku mwenye mali akimtolea macho. Kalipa ya kupimia unene hakuwa nayo na hakutaka. "Kalipa itakwambia namba," alisema. "Dole gumba linakwambia inatosha."

Na dole gumba hilo lilikuwa limekufa ganzi.

Halikufa siku moja. Miaka ishirini na sita mashine ya kuchimbia mbao ilikuwa ikimtetemekea mkononi, na mwaka uliopita vidole vitatu vya kushoto vilianza kuamka vyeupe kama vya maiti. Vikisuguliwa vilirudi. Baadaye vikawa vinarudi nusu. Asubuhi moja alikuwa ameshika kikombe, Mama Waya akamuuliza kama chai imepoa, mbona anakikumbatia. Kumbe moshi unafuka. Akakihamishia mkono wa kulia taratibu, kama mtu aliyekuwa amepanga hivyo. Vifungo vya shati vikawa vita, basi akaanza kuvaa fulana tu. "Unajifanya kijana siku hizi," mkewe akamtania. "Mtoto wa mjini," alijibu. Wakacheka wote wawili, mmoja akiwa na sababu.

Aliyeanza kunusa ni Saa Mbovu. Watu wa saa wanaishi kwa ncha za vidole, huwezi kuwadanganya hapo.

"Jirani, nishikie hii skrubu."

Ikadondoka. Akampa nyingine. Nayo ikadondoka.

"Vidole vyako vimepakwa sabuni?"

"Skrubu zako ndogo kama dhambi za kitoto. Nani atazishika?"

"Mimi ninazishika. Pembe, mficha maradhi—"

"Methali zako wasimulie hizo saa. Hapo mezani hakuna hata moja inayosema ukweli."

Saa Mbovu akacheka, maana lilikuwa tusi zuri. Lakini alipoinama kuokota skrubu zake, alimtazama jirani yake kwa lile jicho lenye lenzi, kubwa kama la bundi, na hakulitoa haraka.

Kwa nini hakusema? Fundi mwenyewe alikuwa na majibu mengi, yote ya uongo. Kwamba ni baridi. Kwamba itapita. Kwamba mke ana mawazo yake ya kutosha. Jibu la kweli lilikuwa fupi: bila lile dole, yeye alikuwa mzee mwenye mashine na maneno mengi.

Jumatano, baada ya chakula cha mchana, alikuwa akikwangua mgongo wa gitaa la Kimya. Mbao ilikuwa mkangazi, nyepesi, nyekundu kwa mbali, iliyokaa kwenye rafu miaka minne ikikauka. Hii hatua ya mwisho haitaki mashine. Ni bamba la chuma tu linalovutwa polepole, na linatoa maganda membamba yanayojikunja. Alivuta, akabana, akabonyeza. Dole lilimwambia bado. Akavuta. Bado. Dole liliendelea kusema bado, bado, kama mlevi anayeulizwa kama ameshiba pombe.

Aliyemwambia ukweli ni sikio. Sauti ya bamba ilibadilika, ikawa nyembamba, ya karatasi. Akasimamisha mkono, na alipogeuza kiwiliwili kwenye mwanga wa dirisha, aliona tundu. Dogo, la punje ya haragwe. Kulizunguka, mbao ilikuwa nyembamba mpaka mwanga ulipita na kuwa wa rangi ya chungwa.

Palikuwa ni pale pale. Pa ubavu.

Mdomo, ambao haukuwahi kumwangusha, ukafika kazini kabla ya moyo.

"Mama," akaita. "Njoo uone. Tumepata jina jipya."

Mama Waya akazima mashine yake na kuja huku anapangusa mikono kwenye kanga, uso umeshajiandaa kucheka. Miaka yote ndivyo walivyofanya. Kosa la kwanza la mwaka walilisherehekea kama mvua.

"Naliita Dirisha," fundi akasema. "Tunalipanua kidogo, tunalizungushia ukingo. Sauti inapumua kwa nyuma. Hakuna mtu duniani aliye nalo."

Mkewe aliinama kutazama tundu. Halafu akatazama pembeni ya tundu.

"Hizi nini?"

"Zipi?"

"Hizi nyekundu."

Yalikuwa madoa matano sita kwenye mbao, mengine yameshakauka. Fundi alidhani ni utomvu. Mama Waya akaushika mkono wake wa kushoto na kuugeuza kama mtu anayegeuza samaki. Dole gumba lilikuwa limepasuka kwa ukali wa bamba, kutoka kwenye kiungo hadi karibu na kucha, na damu ilikuwa imefuata mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Inauma?" aliuliza.

"Kidogo."

"Lini umejikata?"

Fundi hakujua kama ni sasa hivi au ni kabla ya chakula.

Mama Waya alivuta stuli mbili. Aliukata waya wa shaba, urefu wa kidole, akaukunja. "Kaa. Weka mkono hapa. Fumba macho."

"Mke wangu, tuna kazi ya—"

"Fumba."

Akafumba. Redio ilikuwa inatangaza bei za saruji.

"Nimegusa kipi?"

"Cha shahada."

"Na sasa?"

"Gumba." Akajaribu kucheka. "Unanichezea."

"Na sasa?"

Akafikiri. "Cha kati."

Alipofumbua macho, mikono yote miwili ya mkewe ilikuwa mapajani, na ule waya ulikuwa umelala kwenye kanga.

"Sijakugusa," alisema Mama Waya. "Hata mara moja."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alimfunga kidonda kwa kitambaa safi, akikaza fundo kama anavyokaza waya wake, kwa kipimo, halafu akasema, "Mwaka?"

"Na miezi."

"Na mimi nacheka fulana zako."

Siku ile walibishana kwa sauti ya chini, ule ubishi wa watu walioishi pamoja mpaka hawahitaji kumaliza sentensi. Mama Waya alisema jambo moja tu, kwa namna nyingi: mwambie. Fundi naye alikuwa na hesabu zake. Tundu lenyewe halikuwa msiba. Fundi yeyote angebandika kipande kipya cha mbao ndani ya chumba, akasubiri gundi ikauke, akakwangua upya. Kubandika ni kazi ya saa moja. Kukwangua upya ndiko kulikotaka dole. Na dole lenyewe lilikuwa pale mezani limefungwa kitambaa, halijui hata kama limefungwa.

Basi akafanya alichoweza. Alichanganya unga wa mbao na gundi, akaziba tundu, akapitisha msasa, akapaka doa jeusi la duara juu yake, zuri, lenye ukingo unaofifia. Ukitazama ungesema ni ubunifu. Mama Waya alimtazama akipaka mpaka mwisho, kisha akarudi kwenye mashine yake na kumpa mgongo.

Uji ule wa gundi hauna nyuzi za mbao. Unashika kama uongo unavyoshika, mpaka uegemewe.

Kimya alikuja Alhamisi saa nne, kupima. Gitaa lilikuwa halina shingo wala nyuzi, mwili mtupu, lakini mwili ndio alioujia. Alisimama katikati ya karakana, akausogeza tumboni kwa tahadhari, kama mtu anayeingiza mguu kwenye maji asiyoyajua. Akavuta pumzi. Akaitoa. Akavuta tena, mpaka mabega yakapanda.

"Haigusi," alisema.

Halafu akacheka. Hawakuwahi kumsikia akicheka, na kilikuwa kicheko cha ajabu, cha chini, kama injini ya zamani inayokubali kuwaka. "Miezi mitano nalala chali kama mzigo. Haigusi, fundi."

"Nilikwambia."

"Uliniambia." Akakigeuza kiwiliwili. "Na hiki? Tulisema mbao ibaki wazi, mafuta tu."

"Kivuli," fundi akasema. Lilitoka lenyewe, laini, limepigwa msasa. "Nimekiweka pale unapopumulia. Ni kama alama yako."

Mashine ya Mama Waya ikanyamaza.

Kimya alilitazama doa, akapitisha dole gumba juu yake, akilizungusha, na fundi akaliangalia lile dole, zima, la waridi, linalosikia kila kitu isipokuwa kile lilichopaswa kusikia. Kimya hakuwa na shaka usoni. Aliuliza tu, kama unavyomuuliza mtu unayemwamini, huku akili yake imeshafika jukwaani:

"Kinakaa?"

Katika miaka yake yote ya majina, hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hilo. Walimuuliza maana yake nini, kitatoa sauti gani, kwa nini kimepinda. Kwa hayo alikuwa na majibu mpaka ya kugawia majirani.

"Hakikai," alisema.

Kimya aliinua uso.

"Pale pana tundu. Nimetoboa. Nimeziba kwa unga wa mbao na gundi. Mwezi, miezi miwili, siku umesimama umeliegemea huku umejaza pumzi, patabonyea ndani. Kingo zitabaki nje."

"Zitabaki hapa." Mkono wake ulikuwa ubavuni.

"Hapo hapo."

Kimya aliweka gitaa mezani taratibu, akalisukuma kidogo, mbali na yeye.

"Wakati nacheka," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Fundi alimwonyesha mkono wa kushoto, akaeleza yaliyobaki, na maneno yalitoka vibaya, yakikwama, bila hata utani mmoja. Alishangaa jinsi habari yenyewe ilivyokuwa fupi.

"Pembe Moja," Kimya akasema. "Nayo ilikuwa hivi?"

"Msumeno uliteleza."

"Mlevi Mstaarabu?"

"Gundi."

"Baba yangu mdogo ana Mwezi Umeumwa. Analilaza kitandani. Mama mdogo analala kwenye kochi."

"Yale hayamuumizi mtu, dada."

"Muulize mama mdogo."

Hakuna aliyecheka, ingawa ilistahili. Kimya akatazama kalenda ukutani, ile ya duka la rangi, midomo ikihesabu. "Siku kumi na mbili. Sina muda wa fundi mwingine. Nani mwingine anaijua kazi yako?"

"Hakuna."

"Vidole vyangu," akasema Mama Waya kutoka kwenye mashine, "vinasikia waya ukitaka kukatika kabla haujakatika. Ukuta wa mbao hauwezi kunishinda kuusikia."

"Hujui kuchonga," mumewe akamwambia.

"Na wewe hujui kugusa. Tukijumlishwa tunapata fundi mmoja."

"Mkitoboa tena?" Kimya aliuliza.

Fundi akatikisa kichwa. "Hakuna mara ya tatu. Mbao yenyewe itakuwa imekwisha."

Kimya akafikiri. Hakusema amesamehe, na hakuna aliyemuuliza. "Siku mnayokwangua," alisema, "nitakuwepo."

Siku mbili wakafanya kazi bila stori. Fundi alikata sehemu yote iliyokuwa nyembamba, akabandika kipande kipya ndani ya chumba, nyuzi za mbao zikielekea upande mmoja na za zamani, akakibana kwa klampu. Kwa hayo mikono yake ilitosha. Mke alimletea chai kikombe kikiwa na mshikio upande wa kulia, akakitua pale, akaenda. Alipomshukuru alijibiwa, "Usinishukuru. Hasira zangu bado zipo, nimeziweka kando tu zisipate vumbi."

Jumamosi asubuhi Kimya alikuwa kwenye stuli yake kabla ya redio kuwashwa. Saa Mbovu akaingia na kalipa ya saa kwenye kitambaa cha velveti, ameishika kwa mikono miwili kama posa. "Nimekuja kuokoa jahazi, shemeji." Wakaijaribu. Taya zake zilikuwa fupi mno, hazikufika hata nusu ya njia kwenda katikati ya mgongo. Zilifika ukingoni tu, pale ambapo hakuna aliyekuwa na wasiwasi.

"Basi nitakaa hapa niombe," akasema.

"Ombea kwenye baraza," Mama Waya akamwambia. "Unaniziba mwanga."

Alishika bamba. Fundi alimwonyesha jinsi ya kulilaza, jinsi ya kuvuta kwa bega badala ya kiwiko. Mivuto ya mwanzo ilikuwa ya aibu. Bamba liliruka, likalia. Polepole likatulia. Maganda yakaanza kujikunja, mafupi, halafu marefu. Kila baada ya mivuto michache alikuwa akiingiza dole gumba ndani ya chumba, vidole viwili nje, na kubana.

"Niache wapi?" aliuliza.

Miaka ishirini na sita fundi alijua, na hakuwahi kujua kwa maneno. Hakuna namba, hakuna hata jina, yeye aliyekuwa na jina la kila kitu.

"Ukibonyeza," alianza, "kuna namna inakuwa. Kama inataka kukujibu, lakini haijaamua."

"Ongea Kiswahili, mzee."

"Kama... kama bega la mtu aliyekukasirikia. Lipo, lakini linasogea kidogo."

Mama Waya akamtazama. "Hilo ninalijua wiki hii nzima." Akabana tena. "Hapa ni mbali na hapo. Hapa ni bega la askari."

Akavuta. Kimya alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, haangalii mbao, anaangalia mikono. Jua likahama kutoka meza kwenda sakafuni. Maganda yakawa membamba, yakawa yanaelea kabla ya kutua. Fundi akaanza kusikia ile sauti, mbali bado, ile ya kuelekea karatasi.

"Mimi nilikuwa naacha nikianza kuogopa," alisema. "Ndivyo ilivyokuwa, kwa kweli. Nikiogopa navuta mara mbili tena, naacha."

"Mimi nimeogopa tangu Jumatano. Hicho si kipimo."

Akavuta mara moja. Akavuta tena. Sauti ikashuka, nyembamba, na fundi akainuka nusu kwenye stuli.

"Inatosha," alisema. "Mama, acha hapo."

Mama Waya aliweka bamba chini. Akaingiza dole gumba ndani ya chumba, akabana, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, kichwa kimeinama upande, akihama kutoka sehemu moja kwenda nyingine, upana wa nukta. Uso wake ulikuwa hausemi lolote. Fundi aliusoma hata hivyo, akiutafuta kama mtu anavyotafuta habari zake kwenye barua ya mtu mwingine.

"Dada," Mama Waya akasema, macho bado yamefumbwa, "vuta pumzi nikusikie."

Kimya akavuta, kwa nguvu, ikasikika chumba kizima.

"Bado," alisema Mama Waya.

"Mke wangu, nimesikia sauti. Sauti haidanganyi, tukiongeza mvuto mmoja tu—"

"Wewe umesikia sauti. Mimi nimeshika." Akafumbua macho na kumtazama. Halikuwa jicho la ugomvi, wala la huruma, na lile la tatu fundi hakuwahi kulipata kutoka kwake, hivyo hakujua aliite nini. "Hapa katikati bado."

Akachukua bamba. Fundi Pembe akakaa, akaikalia mikono yake yote miwili isije ikaenda yenyewe, na mkewe akalaza chuma kwenye mbao, akavuta.